Ngeli za Vitone: Utangulizi wa Elimu ya Wanaotii Stima, Kuanzia Majengo

Kila mji unaouzunguka Mlima Kenya una Majengo yake. Kuna Majengo ya Nyeri, ya Nanyuki, ya Meru, ya Embu, na abiria anayemwambia makanga "nashukia Majengo" bila kutaja mji hajasema kitu bado. Utafiti huu umeanzia Majengo ya Nyeri kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mtafiti yuko huko na nauli ya kwenda kwingine haikupatikana. Ya pili, ambayo ina heshima zaidi, ni kwamba Majengo ndipo fani ya uainishaji ilipopigwa mwereka ambao haijasahau.

Serikali ya kikoloni ilipoanza kuwavisha wanaume Waafrika vipande, yaani vitambulisho vya kuning'inizwa shingoni, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kipande kilidai kabila la mvaaji. Mashambani karani hakupata taabu. Taabu ilianza Majengo, aliposimama mbele yake mtu ambaye babu yake alipanda na misafara akiwa mpagazi Mmanyema, bibi yake Mkamba, mama yake Mkikuyu wa Tetu aliyesilimu, na yeye mwenyewe huongea lugha tatu kabla ya chai ya asubuhi. Karani akaandika "Mswahili", akafunga daftari. Mtu huyo huyo akishuka Mombasa kwa arusi, wenyeji wa Mji wa Kale wanamwita mtu wa bara, tena akiwa hapo hapo anasikia. Msomaji amweke karani huyo pembeni, tutamhitaji.

Somo letu si watu. Ni vitone na chembe: kitu chochote, kuanzia molekuli moja ya protini hadi tone la maji la milimita chache, ambacho kikitiwa ndani ya uga wa umeme hufanya jambo ambalo kisingelifanya. Maabara za kisasa zina vibamba vya kioo au plastiki vyenye mifereji myembamba kuliko unywele, elektrodi zimetandazwa chini yake, na humo kitone cha damu huendeshwa huku na huku kwa volti tu, bila pampu, bila vali, bila mkono wa mtu. Wenye elimu hiyo wanaandika sana na wanatunukiwa. Hata hivyo hawajatoa orodha ya kuridhisha ya nani anatii umeme, kwa nini, na kwa masharti gani. Pengo hilo ndilo tunaloliziba hapa, kwa ngeli nne na baraza moja la wazee lililokuwa tayari kupinga kila kitu.

Kazi zilizotangulia zinaanza na William Gilbert, Mwingereza aliyepata kuwa tabibu wa Malkia Elizabeth I. Mwaka 1600 aliandika kwamba kaharabu iliyosuguliwa, ikisogezwa karibu na tone la maji lililokaa mahali pakavu, hulifanya tone hilo lijivute na kuchongoka umbo la pia. Hakusema tone ni la ngeli gani. Tunamsamehe.

Ngeli ya kwanza: Wenye Chao

Hawa hubeba chaji yao popote waendapo. Ukiwawekea elektrodi mbili, moja chanya na moja hasi, wenye chaji hasi huelekea chanya na wenzao huelekea kinyume, kila mmoja kwa mwendo unaotegemea chaji aliyonayo na ukubwa wa mwili wake. Mwanzoni mwa karne ya 19, mjini Moscow, Ferdinand Reuss alipitisha umeme kwenye maji na udongo wa mfinyanzi akaona chembe za udongo zinahama. Arne Tiselius wa Uswidi akaifanya safari hiyo kuwa kipimo cha protini, akapewa Nobel ya kemia mwaka 1948. Jina la kitaalamu la safari ni elektroforesi.

Mfano bora wa ngeli hii ni himoglobini ya damu, na hapa ndipo mlima wetu unapoingia katika fasihi ya kimataifa, ingawa kwa mlango wa uani. Mwaka 1949 Chuo Kikuu cha Oxford kilituma msafara kuja Mlima Kenya kwa shughuli za mimea na wadudu. Ndani yake alikuwemo kijana Anthony Allison, aliyekulia Kenya, ambaye badala ya kung'ang'ana na vilele alizunguka nchi nzima akikusanya damu za watu. Akakuta kwamba karibu na pwani na kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya mtu mmoja katika kila watano alibeba chembe ya urithi ya selimundu, ilhali kwenye nyanda za juu hakufika hata mmoja katika mia. Miaka mitano baadaye alionyesha sababu: wabebaji hao wana kinga fulani dhidi ya malaria, na malaria haikuwa na makao kwenye baridi yetu.

Mwaka huo huo wa 1949, huko California, Linus Pauling na wenzake walitia himoglobini ya wagonjwa wa selimundu katika uga wa umeme na kuona kwamba haiendi sawa na ya watu wengine. Baadaye Vernon Ingram alibaini kuwa tofauti yote ni kiungo kimoja cha protini: mahali pa asidi ya glutamiki, yenye chaji hasi, pamekaa valini isiyo na chaji. Katika maji ya alkali ya pH 8.6 himoglobini zote mbili hukimbilia elektrodi chanya, lakini ile ya selimundu, ikiwa imepungukiwa na chaji, inabaki nyuma. Kiwango kizima cha maumivu ya familia kinasomeka kwenye umbali wa milimita chache.

Karani wa kipande angeipokea habari hii kwa shangwe: hatimaye chombo kinachotenganisha pwani na bara kwa volti. Asingeshangilia muda mrefu. Mjukuu wa Majengo aliyerithi upande mmoja kwa nyanya wa Mombasa na upande mwingine kwa babu wa Nyeri anaweza kutoa mistari miwili, A ya kawaida na S ya selimundu, kutoka kwenye kitone kimoja cha damu. Uga wa umeme ni karani mkweli zaidi. Una nafasi mbili za kujaza na hauoni aibu kuzijaza zote.

Kipimo hiki zamani kilihitaji maabara nzima. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Marekani, wamekisogeza hadi kwenye kikasha cha kushikwa mkononi chenye utepe wa selulosi asetati. Kimejaribiwa Kano, Nigeria, na hutoa jibu kwa dakika chini ya kumi. Na huko Kilifi, wanasayansi wa KEMRI-Wellcome Trust waliposoma jenomu za kirusi cha korona mwaka 2020, walitumia pia kifaa ambamo volti huuvuta uzi wa chembe za urithi upite tundu moja dogo mno kwenye utando. Naye ni wa ngeli hii: uzi huo una chaji hasi tangu kuzaliwa.

Ngeli ya pili: Waazimaji

Hawana chaji yao. Wanaipata kwa kusuguliwa, kwa kuguswa, au kwa kukaribiana na aliyenayo, wanaitumia, kisha inawatoka. Ngeli hii ndiyo iliyojaa zaidi mjini kwetu, na mtafiti anakiri upendeleo nayo kwa sababu ndiyo inayomtengenezea chai.

Nyeri ina viwanda vya majani chai vya wakulima wadogo: Chinga, Gitugi, Gathuthi, Iriaini, Ragati. Majani yakishakatwa na mashine za CTC, yakachachuka, yakakaushwa hadi unyevu wa takriban asilimia 3, hubaki kero moja. Ni nyuzi za vikonyo, rangi ya kahawia iliyofifia, ambazo viwandani huitwa faiba. Zikiachwa, chai inaonekana ya ovyo na bei inaanguka Mombasa mnadani. Kuzichambua kwa mkono haiwezekani. Basi majani hupitishwa kwenye trei inayotikisika, na juu yake, karibu sana bila kuyagusa, huzunguka roli za plastiki. Kila roli inasuguliwa na kitambaa mgongoni mwake, na kwa kusuguliwa huko inapata chaji. Faiba ni nyepesi, tena huhifadhi unyevu kidogo zaidi ya chembe za jani, kwa hiyo umeme hujipanga haraka ndani yake: huruka, hugandama kwenye roli, huzungushwa nayo, kisha hukwanguliwa upande wa pili na kuangukia chombo chake. Jani lenyewe linaendelea na safari ya kupangwa daraja: BP1, PF1, PD, D1.

Tafadhali tuone ukubwa wa jambo hili. Maelfu ya kilo hupita chini ya roli hizo, na uamuzi wa nani abaki na nani atoke unafanywa na uga wa umeme chembe baada ya chembe. Wenye vibamba vya kioo huandika makala ndefu wakifanikiwa kutenganisha chembe mia kadhaa. Roli za chai hazijawahi kualikwa kwenye kongamano.

Adui wao ni ukungu. Hewa ikishiba maji, chaji huvuja kabla haijatumika, na Nyeri ya Julai ina ukungu ambao mtu anaweza kuukunja akauweka kabatini. Katika siku kavu za Februari, kinyume chake, hata sweta za sintetiki huingia kwenye ngeli hii bila kuandikishwa. Kila avuaye usiku husikia milio na huona cheche.

Waazimaji wengine tuwapitie mbio. Kwenye duka la fotokopi, wino wa unga wenye chembe za mikromita 5 hadi 10 huazimwa chaji kwa msuguano, hunaswa na picha ya umeme iliyo kwenye pipa, kisha huvutwa hadi kwenye karatasi na kuyeyushwa hapo kwa joto. Mgunduzi wake, Chester Carlson, alifanya kazi ya hataza na alichoshwa na kunakili nyaraka. Nakala yake ya kwanza, ya tarehe 22 Oktoba 1938, iliandikwa tarehe hiyo na jina la mtaa, Astoria, katika jiji la New York. Leo uvumbuzi huo hutumika Nyeri hasa kwa kunakili kitambulisho, mbele na nyuma, nakala tatu, kwa ofisi ambayo tayari ina nakala mbili.

Halafu kuna zile herufi za vidoti kwenye chupa ya maji zinazotaja siku ya kuharibika. Mtambo hutema mfululizo wa vitone vya wino, makumi ya maelfu kwa sekunde, na kila kimoja huazimwa chaji yake kikiwa kinakatika, kwa njia iliyobuniwa na Richard Sweet wa Stanford miaka ya 1960. Vikipita kati ya bamba mbili zenye volti elfu kadhaa, chenye chaji nyingi hupinda sana, chenye kidogo hupinda kidogo, na hivyo herufi hujengeka. Kisichopewa chaji hakifiki kwenye chupa kabisa. Huingia kwenye mfereji kikarudishwa tangini kusubiri zamu nyingine. Vijana kadhaa wa mtaa waliposomewa aya hii walisema wanaielewa vizuri.

Kuhusu kile kichana kinachosuguliwa kwenye nywele kikapinda mkondo mwembamba wa maji ya mfereji, walimu wengi hufundisha kwamba ni kwa sababu molekuli za maji zina ncha mbili. Mwaka 2000 makala katika jarida la Marekani la elimu ya kemia ilionyesha kwamba mkondo kwa kweli huazimwa chaji, na vitone vinavyokatika huondoka nayo. Kwa hiyo maji ya mfereji yanahamishiwa ngeli hii rasmi, na vitabu vya shule virekebishwe.

Ngeli ya tatu: Wafuata Mkazo

Hapa ndipo baraza lilipoamka. Ngeli hii ina wanachama wasio na chaji yao, wala hawakuazimwa, na bado wanakwenda.

"Hiyo tone iko na chaji ama haina?" aliuliza mzee mmoja.

"Haina, mzee."

"Na hakuna mtu ameiguza?"

"Hakuna."

"Sasa inaenda wapi, na nani ameiita?"

Swali ni sahihi, na jibu lilitolewa mwaka 1951 na Herbert Pohl, Mmarekani, aliyelipa jambo hili jina la dielektroforesi. Chembe isiyo na chaji ikiwa ndani ya uga hujigawa kidogo: umeme chanya husogea upande mmoja na hasi upande wa pili. Kila upande unavutwa kwake. Ikiwa uga una nguvu sawa pande zote, mivuto hiyo inafutana na chembe haitikisiki. Lakini uga ukiwa mkali upande mmoja, kwa mfano kwenye ncha ya elektrodi, mvuto wa upande huo unashinda na chembe nzima inaelekea kwenye ukali. Kama watu wa mtaa waliosikia ugomvi kona ya pili: hawana upande, hawana deni na yeyote, lakini wote wanasogea palipo moto.

Ukigeuza chanya kuwa hasi, chembe haijali, kwa kuwa nayo hujigeuza ndani kwa ndani. Ndiyo maana umeme wa kubadilika-badilika, kama ule wa ukutani, unafanya kazi hii vizuri. Na si wote wanaovutwa. Wengine wanasukumwa kutoka kwenye mkazo. Kipimo cha jambo hilo ni namba moja inayoanzia 1, kuvutwa kabisa, hadi kasoro nusu, kufukuzwa kabisa. Kwamba kufukuzwa hakuwezi kuzidi nusu ya kuvutwa ni matokeo ya hesabu tu, lakini baraza liliona ni huruma na likaomba liandikwe hivyo.

Nini kinaamua nani avutwe na nani afukuzwe? Msomaji sasa amlete karani. Maji hukubali kujigawa kwa umeme karibu mara 80 ya ombwe. Mafuta mara mbili au tatu. Hewa ni kama ombwe lenyewe. Weka kitone cha maji ndani ya mafuta: kinakimbilia kwenye mkazo. Weka kitone cha mafuta hayo ndani ya maji: kinafukuzwa. Povu la hewa ndani ya maji, nalo linafukuzwa. Hakuna mahali katika maumbile ya mafuta palipoandikwa "mfukuzwa". Kinachohesabiwa ni tofauti kati ya chembe na kinachoizunguka, na fomula haiwezi kujazwa kwa kuitazama chembe peke yake. Karani wa Nyeri alikuwa na nafasi moja kwenye fomu, ya kabila. Ilihitajika nyingine, ya mahali ulipo sasa.

Ilihitajika na ya tatu, kwa sababu kuna masafa ya umeme, yaani unageuka mara ngapi kwa sekunde. Seli hai imefungwa kwa utando usiopitisha umeme, lakini ndani yake mna maji ya chumvi yanayopitisha sana. Umeme wa masafa ya chini hauvuki utando, kwa hiyo seli huonekana kwake kuwa kitu kisichopitisha, na hufukuzwa. Masafa yakipanda, uga unapenya hadi ndani, unakuta chumvi, na seli ile ile inavutwa. Katikati kuna masafa ambapo haivutwi wala haifukuzwi, imekaa tu. Seli iliyokufa utando wake unavuja, hivyo hugeuka kwenye masafa tofauti; kwa njia hiyo, mwaka 1966, Pohl na mwenzake walitenganisha hamira hai na hamira mfu. Mtu aliyewahi kununua hamira dukani akakanda unga wa mahamri usiku na kuamkia unga uliolala ataona mara moja thamani ya utafiti huo.

Malaria nayo imo. Kijidudu kikiingia kwenye seli nyekundu ya damu huufanya utando wake uvuje. Seli kama hiyo ikiwekwa kwenye maji yenye chumvi kidogo hupoteza chumvi yake ya ndani. Mwaka 2002 kundi la Peter Gascoyne huko Houston, Texas, lilichagua masafa ambapo seli nzima zinanaswa na elektrodi ilhali zenye vijidudu zinafukuzwa na kuchukuliwa na mkondo. Pale Mwea, chini ya mlima, ambako mashamba ya mpunga huwalea mbu, ngeli hii ingepata raia wengi.

Sharti moja la mwisho. Mvuto huu unapungua kwa kasi ya kutisha ukubwa ukipungua: punguza kipenyo kwa nusu, kani inabaki moja ya nane. Ndiyo sababu elektrodi husogezwa karibu mno. Volti 10 juu ya pengo la mikromita 50 hutoa uga wa volti 200,000 kwa mita, na zaweza kutoka kwenye betri ndogo. Kupata uga huo kwenye pengo la mita moja ungehitaji volti zinazokaribia za zile nyaya kuu za kilovolti 220 zinazopita juu ya mashamba, na hapo kitone cha damu kinachohusika kingekuwa chako.

Ngeli ya nne: Walalao

Kitone cha maji juu ya sahani yenye ngozi ya Tefloni husimama kikiwa kimejikunja, hakitaki kuilowesha. Tia volti kati yake na elektrodi iliyofichwa chini ya ngozi hiyo: kinalegea, kinatanda, kinalala. Toa volti: kinajikunja tena. Mwaka 1875 Mfaransa Gabriel Lippmann aliyaona mambo ya aina hii kwenye zebaki. Alipata Nobel mwaka 1908, lakini kwa picha za rangi. Kwa kuwa umeme ukigusana na maji moja kwa moja huyachambua kuwa gesi, jambo hili lilibaki bila kazi kubwa hadi Bruno Berge, mwaka 1993, alipoweka utando wa kuhami kati yao. Kulala kwa kitone kunafuata mraba wa volti, kwa hiyo chanya au hasi, kinalala tu.

Mwaka 2000, katika Chuo Kikuu cha Duke, Michael Pollack, Richard Fair na Alexander Shenderov walipanga elektrodi nyingi kwa safu. Ukiiwasha ya mbele ya kitone, ukingo wake wa mbele unalala, wa nyuma unabaki umejikunja, na mwili wote unasogea hatua moja. Zima hiyo, washa inayofuata. Kwa kuwasha na kuzima tu unakipeleka kitone popote, unakigawa, unakiunganisha na kingine, unavichanganya kwa kuvizungusha.

Na ngeli hii imefika Kenya kwa miguu yake. Kundi la Aaron Wheeler wa Chuo Kikuu cha Toronto lilitengeneza sanduku la kupima kingamwili za surua na rubela kwa njia hii na kulipeleka Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa Turkana mwaka 1992. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Vibamba vya elektrodi vilichapwa kwa printa ya kutema wino, yaani vitone vilitumika kuandika barabara za vitone. Walipimwa watoto wa miezi 9 hadi 59 pamoja na walezi wao, kwa damu ya kuchomwa kidole, huko huko kambini, bila kuisafirisha kwenye barafu hadi maabara ya mbali. Ikilinganishwa na kipimo cha maabara, sanduku liliwatambua asilimia 86 ya wenye kingamwili za surua na asilimia 81 ya wenye za rubela. Waliokosa kingamwili liliwatambua kwa asilimia 80 na 91.

Namba hizo si za kupigiwa vigelegele, na si za kudharauliwa. Kwa kumtibu mtoto mmoja hazitoshi. Kwa kujua kama kambi nzima iko wazi kwa surua kabla haijalipuka, zinasaidia, kwa kuwa swali la chanjo ni la umma mzima na jibu lililochelewa mwezi ni jibu la mazishi. Mtafiti anaona hii ndiyo kazi ya maana kuliko zote alizozikuta, na anasikitika kwamba haiko Majengo.

Kabla wino haujakauka, ngeli zenyewe zilishambuliwa. Thomas Jones wa Chuo Kikuu cha Rochester alikuwa ameonyesha, tangu 2002, kwamba ngeli ya tatu na ya nne ni kitu kimoja kikitazamwa kwa masafa mawili. Kwenye masafa ya chini maji hupitisha umeme, kani yote hujaa ukingoni, nasi tunasema kimelala. Kwenye masafa ya juu maji hayo hayo huwa kama kihami, uga unaingia ndani, nasi tunasema kinafuata mkazo. Kitone hakijaomba kuhamishwa ngeli. Aliyezungusha kitufe ndiye aliyekihamisha. Baraza lilipoelezwa hili halikushtuka hata kidogo. Lilitaka kujua tu kama Jones ana ukoo Majengo.

Waasi

Lazima pia waandikwe wasiotii. Lord Rayleigh alikokotoa mwaka 1882 kwamba kitone kinaweza kubeba chaji kiasi fulani tu. Kikizidishiwa, msukumano wa chaji kwa chaji unaushinda mkazo wa ngozi yake, nacho hupasuka. Geoffrey Taylor, mwaka 1964, alipima lile umbo la pia la Gilbert na kupata kwamba ubavu wake unakaa nyuzi 49.3 kutoka kwenye mhimili, kisha ncha hutema uzi wa vitone vidogo zaidi. John Fenn aliwatumia waasi hawa kupasua vitone hadi ibaki protini tupu inayoelea, ikapimwa uzito, na Nobel ya mwaka 2002 ikampata. Uasi ukiwa na nidhamu hulipa.

Limebaki jambo moja lisilo na ngeli. Walalao wakiongezewa volti hulala zaidi na zaidi, na hesabu inatabiri kwamba wafike mahali watandae kabisa. Hawafiki. Pembe fulani ikifikiwa wanagoma, na volti zaidi hazibadilishi kitu. Wapo wanaosema chaji zinanaswa ndani ya utando wa kuhami. Wapo wanaosema hewa iliyo ukingoni inapasuka kwa umeme na kuvujisha nguvu. Wapo wanaosema ukingo hutema vitone vidogo vinavyoondoka na chaji. Kila maabara ina majaribio yanayoiunga mkono na hoja za kuwakana wenzake. Baraza la Majengo limewasilisha nadharia ya nne, kwamba kitone kimechoka na kiachwe, na mpaka sasa hakuna aliyejitokeza na majaribio ya kuipinga.